Kutafuta Beringi za Injini ya Gari la Zamani Ukiwa Malindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huletwa karakanani na wenye Land Rover za Series, Peugeot 404 na 504, Volkswagen za mgongo wa kobe, na siku hizi hata manahodha wanaotoka Lamu na mashine zao. Nimeyapanga kama kazi yenyewe inavyokwenda, tangu injini ianze kugonga hadi siku ya kuiwasha tena.

Injini yangu inagonga. Nitajuaje kama ni beringi?

Shika bisibisi ndefu, ncha uiweke kwenye bloku na mpini sikioni, kisha usikilize injini ikiwa moto. Beringi ya konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki, iliyokwisha hutoa mlio mkavu, ko-ko-ko, unaosikika zaidi pale unapoachia mafuta kidogo. Beringi za meni, zile zinazoishika kranki ndani ya bloku, mlio wake ni mzito na unatoka chini kabisa, nao huja gari linapovuta mzigo, kama vile unapokanyaga mafuta kwenye mchanga mzito wa njia za kwenda Marafa. Kwa injini ya petroli, chomoa waya wa plagi moja baada ya nyingine. Ukichomoa mmoja na mlio ukapungua, umeshaijua konrodi ya kuanzia.

Tazama na presha ya oili. Land Rover ya injini ya lita 2.25 ikiwa moto, gia ya mwisho, mwendo wa maili 30 kwa saa, yatakiwa ionyeshe psi (kipimo cha presha) 45 hadi 65. Ikishuka sana chini ya hapo na pampu ni nzima, oili inamwagikia kwenye beringi zilizolegea. Zima gari. Kila kilomita unayoongeza yaila kranki, kile chuma kinachozungushwa na pistoni, na kranki ndiyo ghali.

Ninunue beringi kwanza, au nifungue injini kwanza?

Fungua, upime, utafute beringi, na mwisho kabisa ndipo usage kranki, yaani kuipunguza kwa mashine. Kama utashika jambo moja tu katika ukurasa huu, shika mpango huo.

Nilijifunza kwa gharama. Land Rover ya kwanza niliyoifungua mwenyewe ilikuwa Series IIA. Nilisikia mlio, nikapanda matatu hadi Mombasa, kama kilomita 120, nikanunua seti nzima ya saizi ya standadi, yaani ya kranki isiyowahi kusagwa, kwa sababu gari lilikuwa la mwenyewe mmoja na aliniapia kuwa injini haijawahi kuguswa. Nilipoteremsha sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kutoa kepu ya kwanza, kifuniko kinachoibana beringi, nyuma ya beringi palikuwa pameandikwa 020. Kuna fundi aliyeisaga kranki ile kabla mimi sijazaliwa pengine, na hakuna aliyeandika popote. Seti yangu ya standadi haikufaa kitu, na duka halikukubali kuirudisha kwa kuwa karatasi ilikwisha funguliwa. Duka halikuwa na makosa. Mimi ndiye niliyenunua kabla ya kujua ninachonunua.

Gari la miaka hamsini au sitini limepita mikononi mwa watu wengi. Maneno ya mwenye gari si kipimo.

Nipime nini hasa?

Shingo za kranki, yaani zile sehemu za mviringo zilizong'arishwa ambapo beringi hukaa. Tumia maikromita, si kalipa. Kalipa ya kawaida husoma mpaka sehemu mbili za mia za milimita ikiwa nzuri, na hapa ugomvi wetu ni wa sehemu moja ya mia.

Pima kila shingo mara nne: upande wa mbele wima na ulalo, kisha upande wa nyuma wima na ulalo. Wima na ulalo zikitofautiana, shingo imekuwa ya yai. Mbele na nyuma zikitofautiana, imechongoka. Tofauti ikifika milimita 0.025, kranki hiyo yahitaji kusagwa hata kama kwa macho inang'aa kama kioo.

Sasa linganisha na kipimo cha kiwandani. Kwa Land Rover ya 2.25, shingo ya meni ni milimita 63.5, yaani inchi 2.5 kamili, na shingo ya konrodi ni inchi 2.312, karibu milimita 58.72. Kranki za magari ya Kiingereza husagwa kwa hatua za 10, 20, 30 na 40, maana yake sehemu za elfu za inchi. Hatua moja ni milimita 0.254. Basi ukipima shingo ya konrodi ukapata 58.21, hiyo imeshapunguzwa kwa 20. Za magari ya Ufaransa, Ujerumani na Japani huenda kwa 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00 ya milimita. Ziko karibu sana na zile za inchi, ila zisichanganywe.

Kwa nini nisubiri beringi ndipo nisage kranki? Fundi wa mashine asema ataisaga leo.

Kwa sababu kwa gari jipya saizi zote ziko dukani, na kwa gari la zamani unapata ile iliyobaki. Ukiisaga kranki kwa 20 leo, kesho ukaambiwa zilizopo ni za 30 na 40 tu, umelipia kazi mara mbili na chuma ulichokitoa hakirudi. Tafuta kwanza. Ukipata seti ya 30, kranki na isagwe kwa 30.

Kisha mpelekee msagaji beringi zenyewe, mkononi, pamoja na konrodi na bloku. Afunge beringi kwenye konrodi, akaze kepu kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, apime tundu la ndani, ndipo asage shingo imfuate beringi. Wasagaji wengine hawapendi kusumbuliwa hivyo. Huyo mwachie magari mengine.

Mwambie pia asiache kona kali pale shingo inapokutana na ukuta wa kranki. Kiwandani pale pana mpindo laini, na mpindo huo ndio unaoizuia kranki isivunjike. Na baadhi ya kranki zina ngozi ngumu juu tu. Ngozi ikisagwa ikaisha, shingo huisha upesi hata kwa beringi nzuri, kwa hiyo uliza kama injini yako ni ya aina hiyo.

Namba zilizo nyuma ya beringi zina maana gani?

Hizo ndizo hazina yako. Usitupe beringi kuukuu hata moja. Ifute kwa petroli, iweke penye mwanga, uandike kila herufi na kila alama unayoiona, kisha uipige picha.

Kwa kawaida utaona jina au nembo ya kiwanda, namba ya sehemu, na saizi. Za Kiingereza za Vandervell huanza kwa VP. Clevite wa Marekani huandika CB kwa konrodi na MS kwa seti ya meni. King huandika CR kwa konrodi na MB kwa meni. Taiho wa Japani hutumia R na M. Mwishoni huja STD, au 010, 020, au 0.25 na kuendelea. Ukiwa na namba hiyo unaweza kuulizia duka lolote duniani bila hata kutaja gari, kwa maana viwanda vina orodha za kulinganisha namba zao na za wenzao.

Beringi kuukuu pia husema ugonjwa. Mikwaruzo mirefu ni mchanga ulioingia na oili, na kwetu hapa mchanga haukosekani. Ikilika ukingo mmoja tu, konrodi imepinda au shingo imechongoka. Rangi ya shaba ikitokeza katikati, tabaka la juu limekwisha. Vidoto vyeusi vilivyochimbika ni asidi na maji ndani ya oili. Ukifunga beringi mpya bila kutibu sababu, utarudi hapa hapa.

Kila duka laniambia "hazipo". Nifanyeje?

Wengi huingia dukani na kusema, "Nataka beringi za Land Rover ya zamani." Kijana wa kaunta atazame kompyuta, hakuna, akwambie hazipo. Hajakudanganya. Umemuuliza jina la gari, na beringi haijui jina la gari. Inajua injini.

Kwa hiyo sema injini. Land Rover ya 2.25 ilikuwa na kranki ya meni tatu hadi mwaka 1980, kisha ikaja ya meni tano. Seti za meni hizo haziingiliani, na gari la Series III laweza kuwa na yoyote kati ya hizo mbili. Tena injini nyingi zimebadilishwa. Nimefungua Land Rover ya petroli kwa karatasi, ndani mna dizeli ya Kijapani. Soma namba iliyogongwa kwenye bloku na uiamini hiyo kuliko kitabu cha gari.

Ukishaijua injini, fikiria mahali pengine ilipotumika. Injini ya dizeli ya Perkins 4.236 iliingia kwenye trekta za Massey Ferguson na vile vile kwenye mashua. Mwenye mashua asiyepata beringi Malindi huenda akazipata kwa muuza spea za trekta mji wa bara, mahali pasipoonekana bahari. Injini za Bedford nazo zilifunga malori, mabasi na pampu.

Kwa upande wa maduka, Mombasa ndiyo ya kwanza. Kuna maduka ya familia za Kihindi yaliyokaa miaka mingi, na ndani mna rafu ambazo hazijaingia kwenye kompyuta. Mwamkie mzee mwenye duka, mpe beringi kuukuu aishike mwenyewe, umwache akumbuke. Mara nyingi anayejua kilichoko juu ya dari ni yeye, si vijana wake. Baada ya Mombasa, Nairobi, barabara ya Kirinyaga ambayo wazee bado waiita Grogan. Usisafiri bure: tuma picha ya mgongo wa beringi kwa simu, lipia kwa M-Pesa ukiwa umeridhika, mzigo upakiwe basi la usiku.

Kwa Land Rover, Uingereza bado wapo wanaotengeneza na kuuza seti mpya, na Peugeot 504 nayo si taabu, maana iliuzwa sana Afrika. Magari haya tuliyapenda kwa sababu. 404 ilishinda Safari Rally mara nne kati ya 1963 na 1968, na 504 ikashinda 1975 na 1978. Ukiagiza nje, hesabu ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 kabla ya kufurahia bei. Beringi ni nzito kwa udogo wake, lakini hazichukui nafasi. Malindi tuna jamaa wengi Waitaliano wanaokwenda na kurudi kila msimu, na zaidi ya seti moja ya Fiat 500 imefika mjini ndani ya begi la mgeni, kati ya mashati.

Nimepata seti iliyokaa dukani miaka thelathini. Yafaa?

Yafaa sana ikiwa ilihifadhiwa kwa karatasi yake ya oili. Fungua utazame uso. Kijivu kisicho na doa ni sawa. Unga mweupe, ukungu au vijitundu ni madini ya risasi yaliyoliwa na unyevu, na hapo iache hata kwa bure. Hakikisha seti imetimia na vipande vyote vina namba moja. Kwa meni ulizia na washa za trasti, zinazoizuia kranki isicheze mbele na nyuma, ambazo mara nyingi huuzwa peke yake na watu husahau.

Fundi asema aweke karatasi ya sigara nyuma ya beringi iliyolegea ili ibane. Ni sawa?

Hapana. Wala asipige tupa kepu.

Najua kwa nini hufanywa. Mteja hana pesa, gari lina safari kesho, na kweli mlio hunyamaza kwa siku chache. Lakini beringi hupozwa kwa mgongo wake kugusana na chuma cha konrodi. Ukiweka karatasi, joto halina pa kwenda, uso unayeyuka, beringi inazunguka ndani ya makao yake na kuziba tundu la oili. Baada ya hapo konrodi hutoka ubavuni mwa bloku. Nimeziona bloku hizo. Moja ilikuwa ya mzee wa Gede aliyekuwa akiitegemea pickup yake kupeleka maembe sokoni, na bloku nyingine hatukuipata.

Kepu ikipigwa tupa, tundu la konrodi si duara tena, na hata beringi mpya halali haitakaa. Kama mteja hana pesa leo, injini na ikae wazi hadi mwezi ujao.

Kwa Volkswagen yangu naulizwa saizi mbili za beringi. Mbona?

Kwa sababu kranki ya Volkswagen ile inakaa kati ya nusu mbili za kasha la aloi nyepesi, na kasha lenyewe hulika. Likilika, huchongwa upya matundu yake, hivyo beringi yahitaji kuwa nene zaidi upande wa nje, mbali na saizi ya ndani inayofuata kranki. Basi pima kasha na kranki, vyote viwili, ndipo uagize. Kumbuka pia kwamba kati ya beringi zake nne za meni ni moja tu iliyo ya vipande viwili. Zilizobaki ni pete nzima, na kila moja ina tundu dogo la pini. Tia alama ya kalamu mahali pini inapokaa kabla ya kufunga kasha, maana likishafungwa huoni kitu.

Gari langu ni la kabla ya vita, halina vipande vya beringi kabisa.

Basi ni madini yaliyomwagwa moja kwa moja kwenye konrodi na bloku, kama Ford Model A ya 1928 hadi 1931. Ni aloi aliyoivumbua Isaac Babbitt wa Marekani mwaka 1839. Ile bora ina bati kwa wingi, karibu sehemu 89 kati ya 100, pamoja na antimoni na shaba kidogo. Haununui beringi. Unamtafuta fundi wa kuyeyusha, kumwaga na kuchonga. Mwambie akuonyeshe kazi aliyokwisha ifanya, uigonge kwa nyundo ndogo ya mbao: madini yaliyoshika hulia kama kengele, yaliyoachana hulia kama chungu kilichopasuka. Konrodi pengine zaweza kuchongwa zipokee vipande vya kisasa, na ukipata fundi wa kuaminika ningekushauri ufuate njia hiyo.

Na beringi za gololi, za pampu ya maji na dainamo?

Hizi ni nyepesi kupata, maana namba zake ni za dunia nzima. 6203 ni tundu la milimita 17, nje 40, upana 12. 6204 ni 20, 47 na 14. 6205 ni 25, 52 na 15. Kuanzia 04, zidisha tarakimu mbili za mwisho kwa tano upate tundu. 2RS ina mfuniko wa mpira pande zote mbili, ZZ ya bati. Kwa hewa yetu ya chumvi chukua ya mpira. Angalizo: magari ya Kiingereza ya zamani yana beringi nyingine za inchi, na ya milimita iliyo "karibu sawa" isigongwe kwa nyundo iingie.

Dainamo nyingi za Lucas zina bushi ya shaba nyuma badala ya gololi. Ilaze bushi mpya ndani ya oili usiku kucha kabla ya kuifunga.

Nitajuaje kama ni feki?

Pima unene. Kila kipande cha saizi ya 10 chapaswa kuzidi cha standadi kwa milimita 0.127, na vipande vyote vya seti viwe sawasawa. Kisicho na namba yoyote mgongoni usikinunue.

Niko Lamu na mashine ni ya mashua. Kuna tofauti?

Beringi ni zile zile, adui ndiye tofauti. Maji ya bahari yakiingia kwenye oili, kupitia kipoza oili kilichotoboka au gasketi iliyokwisha, huila beringi kwa siku chache. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, usingoje mlio. Na ukisubiri spea zivuke kutoka Mokowe, usiache kranki wazi hata usiku mmoja, hasa wakati wa kusi. Ipake grisi shingo zote, uzifunge kwa karatasi ya nailoni, uisimamishe wima mahali pakavu. Ikilazwa miezi mingi bila kuegemezwa vizuri, hupinda. Mashauri haya ya kuhifadhi ni ya Malindi pia.

Beringi nimezipata na kranki imesagwa. Nifunge vipi?

Kwanza osha njia za oili ndani ya kranki, toa vizibo vyake kama vipo, upitishe brashi na petroli mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Unga wa kusagia hujificha humo, na huo peke yake waweza kuiua seti mpya siku ya kwanza.

Beringi ikae mikono ikiwa misafi na mgongo wake ukiwa mkavu kabisa, bila oili. Ulimi uingie kwenye kikato chake. Kipande chenye tundu kikae penye tundu la oili. Ukitelezesha kidole utahisi ncha zimetokeza kidogo mno juu ya makao. Zisipigwe tupa, maana ndizo zinazoibana beringi kepu ikikazwa.

Kisha pima nafasi kwa plastigeji, ule uzi laini wa plastiki. Ulaze juu ya shingo kavu, kaza kepu kwa toki ya kitabu bila kuzungusha kranki, fungua, ulinganishe upana wa uzi uliobanwa na kipimo kilichochapwa kwenye karatasi yake. Kwa shingo ya milimita 60, nafasi ya 0.03 hadi 0.06 ni ya kawaida. Hakimu ni kitabu cha injini yako. Ukiridhika futa uzi, paka oili kwa wingi, ukaze kwa mara ya mwisho, na baada ya kila kepu zungusha kranki kwa mkono. Ikigoma, rudi kwenye kepu uliyoikaza mwisho.

Siku ya kuwasha, chomoa plagi zote, zungusha kwa stata mpaka taa ya oili izime au mshale upande. Ndipo urudishe plagi na kuwasha. Kilomita 500 za kwanza nenda polepole bila mzigo, kisha mwaga oili ikiwa moto na upasue filta. Ukikuta vumbi linalong'aa la rangi ya fedha au shaba, teremsha sampu siku hiyo hiyo, wakati bado ni beringi tu itakayobadilishwa.